Kufuli Moja Si Ulinzi

Wako wenzetu, hata katika afisi za Serikali, wasemao ya kuwa kulinda vitu vyenye mionzi ni shauri la mataifa yenye mabomu na vinu vya atomiki, wala halituhusu sisi watu wa Tanga. Husema: nchi yetu haina kinu, basi ya nini kutia ukuta, taa na walinzi katika makisio ya mwaka? Neno hili twalikataa, na sababu zetu ni hizi.

Kwanza, kinu si kitu pekee cha kulindwa. Viko vyanzo vidogo vya mionzi vitumikavyo hospitalini kutibu saratani, viwandani kupimia, na katika ujenzi wa mabomba kupigia picha maungio ya chuma. Bomba la mafuta kutoka Hoima, Uganda, la kilomita 1,443, limepangwa kuishia Chongoleani, hapa kwetu. Tuna bandari, na tuna mpaka wa Horohoro. Je, mlango huachwa bila bawabu kwa kuwa nyumba haina dhahabu?

Asiyesadiki na autazame mji wa Goiânia, Brazili. Mwaka 1987 mashine ya tiba iliachwa katika jengo lililohamwa, pasipo mlinzi. Watu wawili waliichukua wauze kama chuma chakavu. Kumbe ndani mlikuwa na siziamu. Watu wanne walikufa, 249 wakaonekana kuwa na uchafu wa mionzi, na zaidi ya 110,000 wakapimwa. Nyumba zilibomolewa, udongo ukazolewa. Wanunuzi wa vyuma chakavu wako Tanga pia, nao hawawezi kuiogopa alama wasiyofundishwa.

Pili, vyombo peke yake havilindi. Huko Kinshasa fito mbili za fueli zilipotea miaka ya 1970, na moja ikaja kuonekana Italia mwaka 1998. Pelindaba, Afrika Kusini, Novemba 2007, watu wenye silaha walipita uzio wa umeme wakafika hata chumba cha kuangalizia hatari, wakampiga mtu risasi. Na huko Oak Ridge, Marekani, Julai 2012, watu watatu wapinga vita, mmoja wao mtawa wa miaka 82, walikata nyua hata wakaugusa ukuta wa ghala la urani. Uchunguzi ulionyesha kamera zilizoharibika bila kutengenezwa, na walinzi waliokwisha kuzoea kengele za uongo. Nyua zilikuwapo, na kamera zilikuwapo. Lililokosekana ni matengenezo na usikivu. Ikiwa tajiri amepatwa hivyo, sisi tutategemea kufuli?

Tatu, sheria haikeshi usiku. Tume ya Nguvu za Atomiki, yenye makao Arusha, iliundwa kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 2003. Ni jambo jema. Lakini kutoka Arusha hata Tanga ni zaidi ya kilomita 400, na mwizi hangoji barua. Kwa hiyo yapasa kila mahali pafanye hesabu yake: nini kiko, nani aweza kukitamani, na kwa njia gani. Kisha ipimwe saa. Ikiwa polisi hufika baada ya nusu saa, na mlango huvunjwa kwa dakika tano, fedha za mlango huo zimetupwa.

Tunajibiwa ya kuwa fedha ni chache, na wagonjwa wahitaji dawa. Ni kweli. Lakini aliyenunua mashine amenunua na ulinzi wake. Atakayeficha gharama hiyo ameandika makisio ya uongo. Twataka vifungu vinne viandikwe mbalimbali: ujenzi, matengenezo, mishahara ya walinzi, na mafunzo. Kifungu cha matengenezo kisiwe ndicho cha kwanza kukatwa, wala mlinzi asilipwe kama mtu wa kufukuza mbuzi.

Na sisi makarani tusijitoe. Mali bila daftari hupotea bila habari. Chanzo kilichoandikwa kuingia, bila kuandikwa kilikohamia, kimekwisha potea kabla ya mwizi kuja. Wazee wetu waliounda chama cha watumishi Waafrika wa Serikali hapa Tanga mwaka 1922 hawakukiunda ili karani awe mkono wa kuandika tu. Basi makisio yatakapopita mezani pako, ndugu, tazama kifungu cha ulinzi. Kikiwa kitupu, usinyamaze: andika pembeni, na mkubwa wako ajibu kwa maandishi.