Tusinunue Kipuri Kabla ya Kujua Ugonjwa

Ndugu Wanachama, gari letu la kuchukulia karafuu lilipokuwa likikwaruza kila likitiwa gia, tulivuka bahari hadi Mchafukoge, Dar es Salaam, tukanunua klachi pleti mpya. Ilipofungwa, ugonjwa ulibaki vile vile: kumbe upepo umeingia katika bomba la mafuta ya klachi. Yatupasa tukiri kosa, kwani fedha zile ni jasho lenu.

Rai yetu ni hii: pedali ikizama kwa ulaini, fundi atazame kwanza mafuta kikoponi, kisha kama pampu ya juu au ya chini inavuja, kisha atoe upepo. Wala mtu asijazie mafuta ya injini badala ya mafuta ya breki. Huvimbisha raba za pampu zikaharibika. Pleti iwe neno la mwisho.