Jiko la Mkaa Chumbani

Kila ufikapo mwezi wa Juni baridi huwabana sana wakazi wa Njombe, Makete, Mbeya na Iringa. Familia nyingi huko hazina chombo cha kutia joto nyumbani ila jiko lile lile lililopikia chakula cha jioni. Huingizwa chumbani, mlango ukafungwa, na watoto wakalala. Yafaa basi tupime kila nishati hutoa nini hewani.

Kuni hutoa moshi mzito uumizao macho na mapafu. Hata hivyo moshi huo humwonya mtu, kwani ni vigumu kulala nao. Mafuta ya taa hutoa masizi, na mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilishauri watu waepuke kuyatumia majumbani. Gesi ya mtungi, moto wake ukiwa wa buluu, hutoa zaidi hewa ukaa na mvuke wa maji. Ukigeuka wa manjano, jiko lina kasoro. Umeme hautoi moshi chumbani.

Mkaa ndio mdanganyifu. Moshi wake mwingi ulikwisha kutoka porini, kwenye tanuri. Makaa yakikolea hayaonyeshi moshi, na mtu hudhani ni salama. Kumbe yanatoa kwa wingi kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu ipitayo ile ya oksijeni mara zaidi ya 200. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, nazo ni rahisi kudhaniwa malaria au uchovu wa kazi. Aliyelala huenda asizihisi kabisa.

Mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati wa kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Ni jambo jema, lakini baridi ya usiku wa leo haingoji, wala si kila mshahara unaomudu gesi. Kwa hiyo mwenye mkaa aliwashe jiko nje na kupikia penye hewa ya kutosha. Wakati wa kulala, jiko libaki nje ya nyumba kabisa, si ukumbini, hata kama makaa yamefunikwa na majivu, kwani bado yanatoa sumu. Baridi ya usiku na ikabiliwe kwa blanketi na nguo nzito.

Na ukimkuta mtu amezidiwa chumbani, fungua milango, mtoe kwenye hewa safi upesi, kisha mkimbize hospitali.