Data Yetu, Mlango Wao

Jamani, leo niruhusuni nipige kelele kidogo. Mimi hupata ugali wangu kwa kuunganisha mifumo. Nachukua programu kubwa ya biashara, ile inayoshika hesabu, stoki, ununuzi na mishahara ya kampuni nzima, halafu naifanya izungumze na wenzake. M-Pesa iko upande huu, tovuti ya oda upande ule, na KRA wanasubiri ankara zao. Katikati tunaweka jukwaa la kuunganisha, yaani programu inayopokea ujumbe kutoka kila upande, ikautafsiri, ikaupanga foleni na kuufikisha unakotakiwa.

Kila mradi huanza na mkutano, na mkutano huo huwa wa kiufundi. Tutumie API gani? Seva itakaa wapi? Ujumbe ukipotea njiani itakuwaje? Maswali mazuri hayo, na mimi huyajibu kwa furaha. Lakini lile swali ghali kuliko yote halina wa kuliuliza: mambo yakishaunganishwa, nani atalipa kila kitu kinapopita mlangoni?

Msimamo wangu nauweka hapa juu ili msije mkasema nilizunguka mbuyu. Kampuni iliyokwisha kununua programu haistahili kulipishwa tena eti kwa sababu oda imeletwa na mashine badala ya kuchapwa na karani. Na sisi waandishi wa programu tunaonyamaza kuhusu jambo hili, tukisema leseni ni kazi ya mawakili, tunawauza wateja wetu.

Mkidhani natia chumvi, someni kesi ya SAP na Diageo. Diageo ndio wenye Guinness na Johnnie Walker, na kwa miaka mingi ndio walioshika hisa nyingi za East African Breweries, watu wa Tusker. Mwaka 2004 walitia saini mkataba na SAP kule Uingereza. Malipo yalihesabiwa kwa watumiaji: kila mtu anayegusa mfumo awe na leseni yake. Kwa muda wa mkataba huo walilipa zaidi ya pauni milioni 50. Baadaye Diageo wakajenga programu mbili juu ya Salesforce. Ya kwanza iliitwa Gen2, ya mawakala wa mauzo wanaozunguka kwa wateja. Ya pili iliitwa Connect, ambamo mteja anaweka oda yake mwenyewe mtandaoni badala ya kupiga simu. Zote mbili zilizungumza na SAP kupitia SAP PI, ambayo ni programu ya kuunganisha mifumo iliyotengenezwa na SAP wenyewe, na ambayo Diageo walikuwa wameilipia kando.

Tazama hapo vizuri, ndugu yangu. Mfumo wamelipia. Daraja la kuingilia mfumo wamelipia. SAP wakaja na madai ya zaidi ya pauni milioni 54, wakisema wale mawakala na wale wateja wote wanatumia SAP bila leseni, hata kama hawajawahi kuiona sura yake. Diageo wakajitetea kwamba leseni ya PI ndiyo iliyowapa ruhusa ya kupita getini. Tarehe 16 Februari 2017, Jaji O'Farrell wa Mahakama Kuu ya London alikataa hoja hiyo. Alisema kupita kwenye PI hakumwondolei mtu haja ya kuwa mtumiaji mwenye leseni. Kiasi cha kulipwa hakikuamuliwa siku ile, lakini ujumbe uliwafikia wakuu wa teknolojia dunia nzima. Mwaka huohuo ikajulikana kwamba SAP wanawadai AB InBev zaidi ya dola milioni 600 kwa sababu zinazofanana, wakapatana mwaka 2018. (Sijui ni mkosi gani huu wa watengeneza bia.)

Ni kama mwenye nyumba anayekutoza kodi ya mwezi, akakuuzia na geti, kisha akasimama getini kuhesabu wageni wako.

Kwa haki ni lazima niseme kwamba SAP walibadilika baada ya kelele hizo. Mei 2017 walitangaza kwamba kusoma tu data iliyokwisha kutolewa na kuwekwa kwenye mfumo mwingine hakutatozwa zaidi. Aprili 2018 wakaleta utaratibu mpya: badala ya kuhesabu watu walioko nyuma ya mashine, wanahesabu hati zinazozaliwa ndani ya SAP kutokana na mifumo ya nje. Kuna aina tisa, zikiwemo hati za mauzo, ununuzi, ankara, bidhaa na hesabu. Kusoma, kurekebisha na kufuta hakuhesabiwi, kunahesabiwa kuumba tu. Hati za bidhaa na za hesabu huhesabiwa kwa sehemu ya tano, yaani 0.2. Ni bora kuliko zamani? Ndiyo, angalau mtu anajua kinachohesabiwa. Lakini hati za mauzo zinahesabiwa kwa mstari, si kwa oda, na hapo ndipo penye ugonjwa.

Tufanye hesabu. Tuseme msambazaji wa bidhaa za dukani yuko Industrial Area. Ana maduka 300 yanayoagiza kila siku kwa simu ya mkononi, kila oda ina mistari 6, na anafanya kazi siku 300 kwa mwaka. 300 mara 6 ni 1,800 kwa siku. Mara 300, ni 540,000 kwa mwaka. Nusu milioni ya hati, na huyo si tajiri wa kutisha, ni msambazaji wa kawaida wa unga, sabuni na mafuta ya kupikia.

Sasa tuondoe jukwaa la kuunganisha. Oda zije kwa WhatsApp, makarani wachache waketi kwenye tarakilishi wazichape moja moja. Mistari ni ileile 540,000, seva ileile, hifadhidata ileile, lakini malipo ni leseni za wale makarani basi. Umeiona hiyo? Bei inamtuza anayechapa kwa mkono! Utaratibu uliobuniwa na watu wanaotuhubiria kila mwaka habari za kuacha karatasi unamwambia mfanyabiashara kwamba nafuu kwake ni kumweka kijana mezani akinakili tarakimu kutoka skrini moja kwenda nyingine hadi macho yamtoke maji.

Na hao vijana wapo. Nimeingia ofisi nyingi hapa Nairobi nikakuta taarifa ya Paybill inashushwa kama faili la Excel kila asubuhi, kisha mtu anaingiza malipo mstari kwa mstari kwenye mfumo wa mamilioni. Daraja, API ya Safaricom, ipo tangu 2017. Malipo yakiingia, Safaricom wanatuma taarifa yake papo hapo kwenye anwani uliyosajili, ikiwa na namba ya risiti, kiasi na namba ya akaunti aliyoandika mlipaji. Kuipokea taarifa hiyo na kuzuia risiti moja isiandikwe mara mbili ni kazi ya siku chache. Katika ofisi moja kati ya hizo (si wa SAP hao, na jina la muuzaji wao silitaji) kila kitu kilikuwa tayari, majaribio yamepita, kisha muuzaji akaleta bei ya kile alichokiita leseni ya kiunganishi. Mkurugenzi akaitazama karatasi, akaitazama mishahara ya makarani, akafunga faili. Makarani wanaendelea kuchapa. Siwezi kumlaumu mkurugenzi, hesabu yake ilikuwa sahihi.

Wapo watakaosema suluhisho ni jukwaa bora zaidi la kuunganisha. Hapo ndipo ninapochoka kabisa. Jukwaa ni mlango wa pili, na nao una bei. MuleSoft, ambayo Salesforce waliinunua mwaka 2018 kwa takriban dola bilioni 6.5, ilipata jina lake kutokana na kazi ya punda ambayo mwanzilishi wake Ross Mason alitaka kuwaondolea waunganishaji. Nyumbu, lakini si yule wa Mara, ni yule mwana wa punda na farasi. Siku hizi huyo nyumbu anauzwa kwa kuhesabu mitiririko na ujumbe. SAP Integration Suite nayo inahesabu ujumbe, kila kilobaiti 250 ni ujumbe mmoja. Kwa hiyo oda ya duka la Kawangware inalipiwa ikipita kwenye jukwaa, na inalipiwa tena ikizaliwa ndani ya mfumo. Hapa kwetu watu wana usemi: punda amechoka.

Kiufundi, kazi yenyewe haina uchawi wowote. Oda inayoingia SAP mara nyingi husafiri kama IDoc, kifurushi chenye sehemu tatu: maelezo ya mtumaji na mpokeaji, data yenyewe, na hali ya safari. Ukiona hali 53, hati imeandikwa, kanywe chai. Ukiona 51, imekataliwa, pengine kwa sababu namba ya mteja haipo, unarekebisha na kuisukuma tena kwa BD87. Ukitaka bila malipo ya jukwaa, Apache Camel ni programu huria iliyoanza mwaka 2007, na inaibeba kazi hiyo bila kulalamika. Katika sehemu zote tatu za IDoc hakuna mahali palipoandikwa bei. Bei iko kwenye mkataba, ule ambao mwandishi wa programu hajawahi kuonyeshwa.

Na mkataba unaweza kukaza baada ya wewe kujenga. Mapema mwaka 2024 SAP walibadilisha waraka wao namba 3255746. Waraka huo unahusu njia iitwayo ODP, iliyotumiwa na zana nyingi za wengine kuvuta data kutoka SAP kwa RFC. Kabla ya hapo waraka ulisema njia hiyo haina usaidizi kwa wateja na watu wa nje. Sasa ukasema hairuhusiwi. Fikiria umejenga maghala ya data ya kampuni yako juu ya njia hiyo, inafanya kazi vizuri kila usiku, halafu neno moja kwenye waraka linakugeuza mvunja masharti.

Wauzaji nao wana hoja, na hoja moja ina uzito. Wanasema: tukiacha mlango wazi, mjanja atanunua leseni moja, aweke tovuti mbele yake, na watu 10,000 watumie mfumo kwa bei ya mtu mmoja. Ni kweli, na mjanja huyo yupo, nadhani namfahamu. Mwenye programu alipwe. Lakini kama shida ni ukubwa wa biashara, basi pimeni ukubwa wa biashara: mapato, idadi ya wafanyakazi, chochote kinachojulikana siku ya kutia saini na kisichobadilika kwa sababu mteja ameacha kuchapa kwa mkono. Kinachoniudhi ni mita iliyofungwa mahali palepale ambapo kazi inakuwa bora.

Zamani mtu angeweza kusema kuunganisha ni anasa. Si leo. Tangu 1 Januari 2024, kwa jumla gharama isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliwi katika kukokotoa kodi ya mapato. KRA wenyewe wameweka njia mbili za mfumo wa mfanyabiashara kuzungumza na wao, OSCU na VSCU. Serikali imekulazimisha kuunganisha. Wateja wako wanalipa kwa simu, wamekulazimisha kuunganisha. Aliyebaki na ufunguo ni muuzaji, naye anajua huna pa kwenda.

Sheria haitakuokoa upesi. Kifungu cha 38 cha Sheria ya Kulinda Data ya 2019 kinampa mtu haki ya kupokea data yake binafsi na kuihamishia kwingine. Ni haki ya mtu, juu ya data inayomhusu yeye. Oda za kampuni, stoki na daftari lake la hesabu haviguswi hapo. Wenzetu wa Umoja wa Ulaya wana Sheria ya Data inayotumika tangu 12 Septemba 2025, na kuanzia 12 Januari 2027 ada za kumtoza mteja anayehama huduma ya wingu hazitaruhusiwa. Bunge letu likitaka kuiga kitu cha Wazungu, liige hicho.

Kwa sasa tuna kalamu tu. Kaunti, wizara na mashirika ya umma hutangaza zabuni za mifumo hii kila mwaka, na pesa ni zetu. Zabuni iseme wazi kwamba mfumo wowote wa mnunuzi unaweza kusoma na kuandika kupitia API zilizochapishwa bila ada ya ziada, au bei yake iandikwe hapo na isipande kwa muda wote wa mkataba. Muuzaji alete hesabu ya hati za mwaka mmoja kwa biashara yenye ukubwa wako, kwa shilingi, kabla ya saini. Njia iliyoruhusiwa siku ya kununua isiharamishwe katikati ya mkataba. Na aliyeandika msimbo wa kuunganisha awepo mezani siku hiyo, hata kama hana tai.

Walio kwenye SAP ECC 6 wana sababu ya kuharakisha. Usaidizi wake wa kawaida unaisha mwisho wa 2027, na wa PI vilevile. Maana yake kampuni nyingi zitaketi na muuzaji kujadili mkataba mpya, na huo ndio wakati pekee ambapo yeye anakuhitaji kuliko wewe unavyomhitaji. Ukishatia saini, utakuwa unaomba.