Robo tatu si tatu juu ya nne

Mtoto wa darasa la saba akipewa 3/4 ajumlishe na 2/5, na chini ya swali kuna majibu ya kuchagua, tarajia kuikuta 5/9 miongoni mwake. Haikuangukia hapo kwa bahati. Mtunzi wa swali anajua wapo watakaojumlisha namba za juu zenyewe kwa zenyewe na za chini zenyewe kwa zenyewe, wakaliona jibu lao limeandikwa pale kwenye karatasi, wakaliwekea kivuli na kwenda swali la pili roho nyeupe. Hebu litazame jibu hilo. 5/9 imeipita nusu kidogo tu, wakati 3/4 peke yake ni kubwa kuliko hiyo. Mtoto ameongeza kitu, kitu kikapungua, wala hakushtuka. Kukosea kutafuta Kigawe Kidogo cha Shirika ni jambo dogo, kila mtu hukosea. Kutoshtuka ndiko kunakonisumbua, kwa sababu kunaonyesha kuwa kwa mtoto huyo 3/4 haikuwa kiasi cha kitu chochote. Zilikuwa namba mbili zilizobebana. Ndiyo maana nasema swali lolote la sehemu au desimali lianze na swali lingine kabla kalamu haijagusa karatasi: jibu litakuwa karibu na ngapi? Tena swali hilo lisiachwe kwa hiari ya mwalimu mwenye moyo. Liingie kwenye mtihani wenyewe na lipewe alama.

Ugonjwa huu si wetu peke yetu. Mwaka 1978 tathmini ya taifa ya elimu nchini Marekani iliwataka wanafunzi wakadirie 12/13 ukijumlisha na 7/8. Hawakutakiwa kukokotoa, wachague tu jibu lililo karibu kati ya 1, 2, 19 na 21, au waseme hawajui. Kila moja ya sehemu hizo imepungukiwa kidogo tu kufika moja, kwa hiyo jumla inakaribia 2. Kati ya wenye umri wa miaka 13, asilimia 24 tu walichagua 2. Zaidi ya nusu walichagua 19 au 21, yaani walijumlisha 12 na 7, au 13 na 8. Mwaka 2012 mtafiti Robert Siegler na wenzake walifuatilia takwimu za watoto wa Marekani na Uingereza, wakakuta kwamba uelewa wa sehemu na wa kugawanya katika umri wa miaka 10 hivi ulibashiri umahiri wa aljebra na wa hisabati kwa jumla sekondari, hata baada ya kuzingatia akili ya mtoto, usomaji wake, na kipato na elimu ya wazazi. Sehemu, basi, si mada ya kupitia haraka ili tufike kwenye mambo makubwa.

Kinachoudhi ni kwamba Kiswahili kilishatupa dawa. Tunazo nusu, theluthi, robo, humusi, sudusi na thumuni, na kila neno ni jina la ukubwa. Muuza unga akisikia robo tatu hahitaji kuona mstari katikati ya tarakimu mbili. Waliopima nafaka kwa kibaba walijua vibaba viwili ni kisaga na vinne ni pishi, hivyo kibaba kilikuwa robo ya pishi inayoshikika mkononi. Nenda kwenye mirathi ya Kiislamu uone jinsi watu wanaojua ukubwa wa sehemu wanavyoshtuka. Mtu amefariki akaacha mke, mabinti wawili, baba na mama. Mke ana thumuni, mabinti theluthi mbili, baba sudusi na mama sudusi. Ukiziweka zote kwenye asili ya 24 unapata 3, 16, 4 na 4, jumla 27. Mafungu yameizidi mali! Mafakihi hawakupita kimya kimya. Waliliona hilo, wakalitolea hukumu iitwayo auli: mali igawanywe mafungu 27, kila mtu apungukiwe kwa uwiano wake, na thumuni ya mke igeuke tusui. Darasani, kwa upande mwingine, robo tatu hugeuka “tatu juu ya nne”. Huko ni kutaja maandishi yalivyokaa kwenye ubao, na ukubwa wa kitu unabaki nje ya mlango.

Kwa desimali hali ni mbaya zaidi. Zamani sarafu ya senti 50 ilikuwa mfukoni mwa mtoto, na shilingi 2.50 ilikuwa kitu cha kununulia. Leo senti zimetoweka mikononi, zimebaki vitabuni, na nukta imekosa makazi. Mtoto anasoma 0.45 kama “sifuri nukta arobaini na tano”, anailinganisha na “sifuri nukta sita”, na kwa kuwa arobaini na tano imeipita sita, anaamua 0.45 ndiyo kubwa. Angezoea kusoma “nukta nne tano”, na kujua nne hiyo ni sehemu nne za kumi, asingenaswa. Au chukua 0.6 gawanya kwa 0.03. Kanuni inasema sogeza nukta, na wengi huisogeza upande mmoja wakasahau wa pili, wakapata 0.2. Jibu ni 20. Linawashangaza kwa sababu wamefundishwa, bila mtu kulitamka wazi, kwamba kugawanya ni kupunguza. Lakini uliza kwa lugha ya senti: senti 60 zina senti tatu-tatu ngapi? Ishirini, na hakuna nukta iliyosogea.

Najua nitakachojibiwa: mtihani una haraka yake, mtoto hana nafasi ya kukadiria kwanza. Mtihani wa KCPE wa Kenya, uliofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, ulikuwa na maswali 50 ya Hisabati kwa saa 2, yaani dakika 2.4 kwa swali. (Atakayesoma hizo kuwa dakika 2 na sekunde 40 amenisaidia hoja, ni sekunde 24.) Kukadiria 3/4 na 2/5 hakuli hata sekunde kumi: moja imevuka nusu sana, nyingine inakaribia nusu, jumla inaipita moja. Hapo 5/9 imeshakufa, na lolote lililo chini ya moja limekufa nalo. Kweli, kama majibu yaliyobaki ni 23/20 na 21/20, makisio hayatachagua, na itabidi asili zisawazishwe hadi 20, 15 na 8 zijumlishwe. Sijasema hesabu iachwe. Makisio ni bawabu tu, hayaingii jikoni kupika.

Wengine watasema simu ina kikokotoo, ya nini kuhangaika. Kikokotoo kinajibu ulichobonyeza, si ulichokusudia. Mzazi aliyeambiwa ampe mtoto dawa ya maji mililita 2.5 akasoma 25 amezidisha mara kumi, na hakuna mashine itakayomgutusha. Atagutushwa na macho yake mwenyewe akiona kijiko kinajaa tena na tena.

Hoja nzito kuliko hizo ni ya walimu: mwalimu hufundisha kinachopimwa. Siwezi kuibishia. Tanzania ilipoanza mwaka 2012 kusahihisha mtihani wa darasa la saba kwa mashine, hata Hisabati ikawa ya kuchagua, na baadaye maswali machache ya kuandika yakarudishwa ili njia ionekane. Kama tuliweza kubadilisha karatasi kwa sababu hiyo, tunaweza kuongeza swali moja la namna hii: bila kukokotoa, eleza kwa nini 3/4 jumlisha 2/5 haiwezi kuwa 5/9. Sentensi moja inatosha, na msahihishaji ataona papo hapo nani anaijua sehemu na nani amekariri hatua. Gharama yake ni muda wa kusahihisha, na gharama hiyo ipo kweli, hasa kwa mtihani wa nchi nzima. Wala darasa la watoto tisini si kisingizio cha kutofundisha makisio, maana chombo kinachohitajika ni kamba tu. Ifungwe kutoka dirisha hadi dirisha, sifuri upande huu, mbili upande ule, moja katikati. Watoto wapewe vipande vya karatasi vilivyoandikwa 0.45, 0.6, 3/4, 5/9 na 23/20, wavitundike, halafu mwalimu akae kimya wakati wanabishana kama 5/9 ikae kabla ya 0.6 au baada yake.