Wenye Sakhr, Tutafutane

Ndugu zangu mliokulia Maskati, Kuwait au Dubai miaka ya 1980, nanyi ambao familia zenu zilirudi Unguja au Mombasa na masanduku kutoka Ghuba, nina ombi. Fungueni stoo. Chungulieni juu ya makabati na uvunguni. Mkikuta kompyuta iliyoandikwa Sakhr, vitufe vyake vikiwa na herufi za Kiarabu na za Kilatini, msimpe mnunuzi wa chuma chakavu.

Sakhr ilitoka kwa Al Alamiah, kampuni ya Kuwait iliyoanzishwa na Mohammed Al-Sharekh mwaka 1982. Ulikuwa unachomeka katriji, unawasha, na runinga ya sebuleni inageuka darasa la hesabu au uwanja wa mchezo, kwa Kiarabu. Iraki ilipoivamia Kuwait mwaka 1990, kampuni ikahamia Cairo na baadaye ikashughulika zaidi na programu za lugha. Mashine zikabaki majumbani mwetu, na mafundi wanaozijua wamezidi kupungua.

Hata hivyo vipuri si adimu kama watu wanavyodhani. Ndani yake Sakhr ni MSX, mfumo uliotangazwa mwaka 1983 kwa makubaliano kwamba mashine za kampuni mbalimbali zielewane. Kwa hiyo katriji ya MSX iliyouzwa Uholanzi inaingia kwenye Sakhr yako ya modeli AX-170, na fimbo ya kuchezea ya Sony inafanya kazi. Angalia tu kwamba katriji haikuandikwa MSX2, maana AX-170 ni ya kizazi cha kwanza. Ndugu mlioko Uholanzi na Uhispania, ambako MSX zilipendwa sana, mkipita masoko ya mitumba tukumbukeni. Ila mashine ya Japani hutumia umeme wa volti 100; ukiichomeka moja kwa moja kwenye umeme wa nyumbani kwetu, umeiua.

Kinachonikosesha raha zaidi ni kanda. Programu nyingi ziliwekwa kwenye kaseti za kawaida, zile zinazolia kama wadudu ukizisikiliza kwenye redio, na wengine tulizitumia kuhifadhi programu tulizoandika wenyewe. Hizo hazina nakala popote. Kabla ya kuicheza kanda, fungua redio kaseti uutazame mkanda wa mpira unaozungusha magurudumu: ukizeeka huyeyuka ukawa kama lami, na hapo kanda yako inaweza kutafunwa. Badilisha mpira, safisha kichwa kwa spiriti, kisha unganisha tundu la spika za masikioni na kompyuta ya kisasa na urekodi sauti yote bila kuibana. Faili hilo likitoka safi, Sakhr italisoma kama inavyosoma kaseti.

Naomba tujuane. Mwandikie mhariri wa jarida hili, utaje uko mji gani, una namba gani ya mashine, nini kinafanya kazi na nini kimekufa. Fundi unayeweza kubadilisha kapasita, jitaje pia, hata kama Sakhr hujawahi kuiona. Mimi nina fimbo za kuchezea za ziada na niko tayari kuzitoa bure. Natafuta kebo ya kaseti: upande mmoja kichwa cha duara chenye pini 8, upande wa pili jeki tatu. Mwenye kebo asiye na kanda, na mwenye kanda asiye na kebo, wote waandike.