Muulizeni Kichwa Kinakuwaje Akilala

Mama aliyejifungua kwa upasuaji, akachomwa ganzi ya mgongo, anaketi siku ya pili amnyonyeshe mwanawe. Haupiti muda, kisogo kinabana, shingo inakakamaa, masikio yanavuma. Akijilaza, maumivu yanapoa. Akiambiwa ni uchovu tu, amepuuzwa, kwa sababu mwili wake umeshataja ugonjwa. Ubongo huelea katika maji yapatayo mililita 150, na utando unaoyazuia ukitoboka, kwa sindano au wenyewe, maji huvuja. Mtu akisimama, ubongo hushuka na kuvuta sehemu zenye kuhisi maumivu. August Bier, daktari Mjerumani aliyeanzisha ganzi hiyo mwaka 1898, alichomwa sindano ya mgongo katika majaribio yake, na akaona kichwa kinamtulia kila alipolala chali. Dalili inayojulikana tangu enzi hizo haistahili kukosa mtu wa kuiuliza.

Watakuwepo wa kusema kwamba hata mwenye kipanda uso hujilaza. Kweli, ila yeye hutafuta giza na utulivu, na maumivu hayamwachi kwa dakika chache kwa kubadili mkao tu. Wengine watauliza: bila MRI tutajuaje? Kwa aliyechomwa sindano siku chache zilizopita, maelezo yake kwa kawaida yanatosha kuanzia. Kwa anayevuja bila sindano, picha zinahitajika kweli, lakini hata hizo kwa baadhi huonekana safi, na presha ya maji ikipimwa mara nyingi husomeka ya kawaida. Kwa hiyo majibu mazuri ya kipimo yasifute anachosema mgonjwa. Tena, ugonjwa ukikaa sana tofauti ya kulala na kusimama hufifia; aulizwe ulivyoanza.

Hofu ninayoiheshimu zaidi ni kwamba sindano itasingiziwa kila kitu. Mzazi anaweza kuwa na kifafa cha mimba au damu iliyoganda kwenye mishipa ya ubongo. Basi akiwa na degedege, macho yenye ukungu, au maumivu yasiyojali mkao, atafutiwe chanzo kingine haraka. Uvujaji ukithibitika na usipopoa, mililita 20 hivi za damu yake mwenyewe, zikidungwa nje ya utando huo, mara nyingi huuziba. Na swali lenyewe, kichwa kinakuwaje akilala, muuguzi anaweza kuliuliza wakati kipimo cha presha kikijaa upepo mkononi mwa mama.