Methali Iliyo Upande wa Mwizi

Katika methali za Kiswahili hapana iliyowatumikia wezi wa siku hizi kwa uaminifu zaidi ya ile isemayo, "Wajinga ndio waliwao." Katika vijiwe vya Chamazi, wilayani Temeke, husemwa kila mara mtu anapoeleza kwamba alipigiwa simu, akaitaja namba yake ya siri, na akiba yake ikatoweka kabla hajakata simu. Husemwa kwa kicheko. Baada ya kicheko aliyeibiwa hunyamaza, na mazungumzo hurejea kwenye mpira, maana uwanja wa Azam hauko mbali na habari zake hazina mwisho. Msemaji hudhani ametoa hekima ya wazee, kumbe ametoa hukumu pasipo kesi.

Methali hiyo ina hila katika sarufi yake. Kitenzi chake ni cha kutendwa: wajinga huliwa. Huliwa na nani? Haisemi. Mlaji amefichwa nyuma ya herufi moja ndogo, naye aliyeliwa ameachwa peke yake barazani na jina baya. Tangu lini mwizi akawa kama mvua, kitu kisichoulizwa kilikotoka, na kosa likawa la yule aliyelowa? Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ina sarufi bora kuliko hiyo. Humtaja mtendaji: mwenye kudanganya kwa mitambo ili ajipatie mali, na mwenye kujifanya mtu asiye yeye, ndiye mkosaji. Katika sheria hiyo ujinga wa aliyeibiwa si kosa.

Na achunguzwe basi huyo aitwaye mjinga. Achukuliwe mama mwenye genge la nyanya na vitunguu kando ya barabara iendayo Mbande. Simu yalia. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu." Sauti ya kijana yenye adabu yamtaja kwa majina yake yote kama yalivyoandikwa katika kitambulisho, yajitambulisha kuwa ya huduma kwa wateja, na yamwarifu kwamba laini yake ina hitilafu, itafungwa kabla ya jioni, na fedha zilizomo zitazuiwa, asipothibitisha taarifa zake sasa hivi. Kijana amelijuaje jina? Hapana uchawi. Mtu yeyote aanzaye kutuma fedha kwa simu huonyeshwa jina la mwenye namba kabla ya kukamilisha, ili asimtumie asiyemkusudia. Tapeli huanza kutuma, husoma jina, kisha husitisha. Kinga waliyowekewa waungwana ndiyo iliyomfundisha mwizi namna ya kusalimu. Mama yule alifikiri hivi: anijuaye kwa majina matatu ametoka ofisini. Hiyo ni hoja, na yamkini wasomi wengi wangeifuata; kilichokuwa cha uongo ni msingi wake, na msingi huo haukujengwa na mama.

Wako wasemao kwamba kinachowaponza watu ni tamaa. Ni kweli wapo walioahidiwa zawadi ya bahati nasibu wasiyoicheza, nao hawakosi lawama. Lakini iko simu ya mtu ajiitaye mwalimu, amwambiaye mzazi kwamba mwanawe aliye bweni ameanguka, amepelekwa hospitali, na fedha za matibabu zahitajika dakika hii. Tamaa iko wapi hapo? Iko pia simu ya mtu aliaye kwamba ametuma fedha kimakosa, na ujumbe wa kughushi umekwisha tangulia kuonyesha kwamba zimepokewa. Aombwaye azirudishe huzirudisha, tena kutoka katika akiba yake, kwa kuwa hataki kula mali ya mtu. Hapo mwaminifu ndiye aliwaye. Methali imenyamaza kabisa juu yake.

Fauka ya hayo, watu waliahidiwa usalama. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza mwezi wa Mei 2019, na mwezi wa Januari 2020 zisizosajiliwa zikaanza kufungwa. Watu walipanga foleni, kwanza ya kitambulisho cha taifa, kisha ya laini, wakiamini kwamba tangu siku ile kila sauti itakuwa na mwenyewe. Mwenyewe yupo, ila mara nyingi siye anayesema. Ni mtu mwingine aliyeambiwa na msajili wa kando ya njia abonyeze kidole mara ya pili kwa kuwa cha kwanza hakikusomeka, akasajiliwa laini asiyoijua. Ndiyo maana mtu leo hushauriwa kubonyeza *106# ili ahesabu laini zilizo kwa jina lake. Raia aliyetii yote haya haitwi mjinga kwa kuwa aliuamini usajili aliolazimishwa.

Sababu iliyo kubwa kuliko zote ni adabu. Waswahili hufundishwa kutokata maneno ya mtu, na tapeli hulijua funzo hilo vizuri: husema mfululizo, huita "mama yangu", huharakisha, na msikilizaji huona haya kumkatia simu. Lakini adabu hiyo imesomwa nusu. Nusu yake ya pili ni hodi. Mgeni hubisha akiwa nje. Hodi tatu zisipoitikiwa huondoka, wala hanung'uniki. Akiulizwa ni nani hujitaja, na mwenye nyumba ndiye aamuaye. Hapana mji Pwani ambapo abishaye hodi humwuliza aliye ndani mahali alipoweka ufunguo wa sanduku. Mpigaji simu ni mbisha hodi. Swali lake la kwanza juu ya namba ya siri, au juu ya tarakimu zilizoingia katika ujumbe sasa hivi, limekwisha mvunjia heshima mwenye nyumba, na kumkatia si utovu wa adabu hata kidogo.

Kampuni za simu huwapigia wateja wao kwa namba 100 peke yake. Sauti itokayo katika namba ya kawaida si yao, hata ikiamkia mara kumi. Namba ya siri haitajwi kwa yeyote. Mzazi wa mtoto wa bweni hukata, kisha humpigia mwalimu kwa namba aliyopewa siku ya kumwandikisha mtoto. Mambo haya ni mepesi, na mama wa genge huyashika mara moja akielezwa bila kuchekwa.

Kicheko kina madhara mengine. Mamlaka ya Mawasiliano imeiweka namba 15040 ili ipelekewe ujumbe wa matapeli na namba zao, zipate kufungwa. Namba hiyo haifai kitu pasipo watu wa kuitumia, na aliyekwisha itwa mjinga mbele ya majirani haoni sababu ya kujiandikisha ujinga serikalini pia. Hunyamaza. Wala shogaye wa genge la jirani hamwambii. Laini iliyomwibia asubuhi hubaki wazi, na kabla ya magharibi imekwisha piga Mbande, ikianza kwa shikamoo.